Mama Mkwe Alimchagua Corina

Wiki iliyopita niliwaacha mezani, Jumapili ya mvua, Corina akibusiwa paji la uso na mama mkwe wangu.

Kwa aliyekosa: mimi ni Saveta, mke wa Toader. Nina miaka mitatu katika nyumba hii ya kilimani, juu ya mto Moldova. Corina ni mke wa Silvestru, mdogo wake Toader. Yeye amekuja juzi tu, baada ya Pasaka.

Nyumba yetu ina sheria moja. Jumapili tukitoka kanisani, simu zote zinaingia kwenye mtungi wa kuchachushia kabichi, televisheni inafunikwa shuka, na mama mkwe, Mama Aglaia, anaukalia mtungi mpaka kila mtu ajue hatanii. Kuanzia hapo hadi saa ya kukamua ng'ombe tunacheza au tunatoka, sote pamoja, upende usipende.

Siku ya mvua tunacheza nchi, mji, mlima, mto. Mmoja anapitia herufi kimoyomoyo, mwingine anasema basi, na herufi iliyofikiwa ndiyo kila mtu anaandikia majina haraka haraka. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, mama yangu alipolala kitandani asiamke. Kwa hiyo mimi siandiki. Mimi ndiye wa kusema basi, na wa kumimina chai.

Corina ana cheti cha chuo cha mjini Suceava. Alishinda kwa mto ambao hata Toader hakuwahi kuusikia.

"Huyu ana kichwa," Mama Aglaia akasema, akambusu. "Jumapili ijayo mvua ikikatika, nitampeleka mahali pangu."

Nilikuwa nimeshika birika. Chai ilijaa kikombe ikamwagikia kitambaa, na mimi bado namimina.

Niwaambie mahali ni nini. Huku kwetu kila nyumba ina mahali pake msituni panapoota hribi, ule uyoga mnene wa kofia ya kahawia. Hupaonyeshi kwa jirani, hupataji hata kwa padri. Mwaka jana familia yenye kinu cha kusaga nafaka ilipiga picha ya kikapu chake na kuitupa mtandaoni, na nyuma ya kikapu lilionekana jiwe lililopasuka. Jumapili iliyofuata magari yalikuja hata kutoka mji wa Botoșani. Lile jiwe kila mchuma uyoga analijua. Watu wa kinu hawajaokota uyoga hata mmoja tangu siku hiyo.

Mama Aglaia alionyeshwa mahali pake na mama mkwe wake, naye atamwonyesha mkwe mmoja. Huyo ndiye atakayeachiwa nyumba na jiko. Miaka mitatu nilifikiri ni mimi, maana hapakuwa na mwingine.

Wiki nzima nilifunga milango kwa kishindo.

"Una wivu wa uyoga?" Toader aliniuliza zizini.

"Sina wivu."

"Basi mbona unamkamua huyo ng'ombe kama unamkaba?"

Nililegeza mikono. "Mimi nimekuja kwanza," nikasema.

"Mwambie mama."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

Alicheka. "Mimi? Mimi namwogopa kuliko wewe, mke wangu." Akabeba ndoo akaenda zake.

Jumapili ikafika, jua kali, msitu unatoa mvuke. Mtungi ukapokea simu. Corina aliibusu yake kabla ya kuiingiza, na Mama Aglaia akacheka. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilichelewa kidogo kuitoa mfukoni, nikaambiwa labda nina mwanamume mjini.

Njiani tunashindana. Wa kwanza kuona uyoga hasafishi jioni, wengine wote wanakaa mezani na visu kumsafishia. Corina alikimbia mbele, akarudi ameshika uyoga mwekundu wenye madoa meupe, ule wa sumu, ameukumbatia kama mtoto.

"Nimeshinda, mama, nimeshinda."

"Huo mpikie mama yako, mke wangu," Silvestru akasema, "kama hampatani."

Mama Aglaia alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. Akamfuta Corina vidole, kimoja kimoja, kwa maji ya chupa.

Mimi niliwahi kuleta mmoja tu mchungu, na sufuria nzima ikamwagiwa nguruwe. Majira yote ya baridi niliitwa mpishi wa matanga. Vidole vyangu hakuvifuta mtu.

Tulipofika kwenye uzio wa mwisho akatugawa.

"Toader, Silvestru, upande wa kijito. Wewe," akaninyooshea kidole, "baki hapa chini uokote uyoga huu wa manjano. Corina, mwanangu, njoo."

Mwanangu. Miaka mitatu mimi ni wewe. Mgeni akija mimi ni mke wa Toader.

"Dada Saveta, nikuletee mmoja?" Corina akaniuliza. Alisema kwa wema kabisa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Nenda tu," nikasema.

Niliwaangalia mpaka kitambaa cheupe cha mama mkwe kikamezwa na miti. Nikainama, nikaokota uyoga kidogo wa manjano. Nikatia kisu mfukoni, nikaacha kikapu changu pale pale uzioni, nikawafuata.

Si kazi ngumu kumfuata Corina. Anazungumza. Aliuliza ndege huyu anaitwaje, mti huu una miaka mingapi, na kama kweli dubu anapanda miti. Mama Aglaia alijibu mojamoja. Mimi nilitoka msonobari hadi msonobari, viatu mkononi.

Kwenye kijito mama mkwe alisimama. Akaenda kushoto, akarudi. Akapanda kidogo, akashuka. Akazunguka mwamba ule ule mara ya pili.

Wachuma uyoga wote hufanya hivyo, wanazunguka ili anayewafuata apotee. Nilijisemea, angalia anavyomlinda mtoto wake mpya. Anamficha hata nisimwone mimi.

Mwishowe walifika kwenye uwazi mdogo wa misonobari michanga. Nilijilaza nyuma ya gogo lililoanguka. Kutoka kwao hadi kwangu ungeweza kurusha kitambaa kikafika.

"Ni hapa," Mama Aglaia akasema.

Corina alizunguka. Akainua matawi kwa fimbo. "Mama, mbona hakuna kitu?"

Mama Aglaia aligeuza majani kwa ncha ya kiatu.

"Mama?"

"Wameng'oa."

"Nani?"

"Mtu anayenifuata. Nani yuko nyuma yangu kila Jumapili, hasemi, anaangalia tu? Yule bubu wa Toader."

"Dada Saveta? Hapana, mama. Tumemwacha kule chini."

"Wewe ni mgeni, hujui watu. Wasiosema ndio wanaoiba."

Masikio yaliniwaka. Nilitaka kusimama niseme sijawahi, miaka mitatu sijawahi hata siku moja kukufuata. Lakini siku hiyo nilikuwa nimemfuata. Ningesimamaje pale nyuma ya gogo, viatu mkononi, niseme mimi si mtu wa kufuata watu?

Nilijivuta nyuma kidogo nijifiche vizuri. Nikaweka mkono chini kwenye ule ukoga wa kijani unaofunika ardhi kama zulia. Mkono ukagusa kitu baridi, imara, kama kisigino cha mtoto mchanga.

Nikaangalia.

Kilikuwa hribi. Karibu yake mwingine. Chini ya gogo, kwenye mizizi, mpaka kule mteremkoni, kofia za kahawia zimekaa kama watu kanisani. Na kila palipokatwa zamani palifunikwa vizuri kwa ukoga, kingo zimekunjiwa ndani, vile afundishavyo mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimelala katikati ya mahali pake.

Mwanzoni sikuelewa. Alipita hapa sasa hivi, nilimwona kwa macho yangu, sketi yake iligusa gogo hili. Na macho yake ni mazima, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Ndipo nikakumbuka mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili, nikasingiziwa mimi. Nikakumbuka anavyomwita ng'ombe wetu kwa jina la ng'ombe aliyeuzwa. Kule kuzunguka mwamba hakukuwa ujanja. Mama mkwe wangu alikuwa amepotea katika msitu aliouzeekea.

Na nikajua kwa nini alimchagua Corina. Angempeleka mtu yeyote mwingine, huyo mtu angeona. Corina haujui msitu. Ukimwonyesha popote ukasema ni hapa, ni hapa.

Nasema ukweli, sikumhurumia. Nilifurahi. Nililala pale kati ya uyoga nikatabasamu peke yangu. Kichwa cha Corina, cheti chake, mto wake wa herufi ngeni, vyote havikuhusika.

Furaha ile haikukaa. Nikawaza, hata kupotea, amechagua kupotea na Corina.

Hapo ndipo Toader akaita.

Kila nyumba huku ina mwito wake wa msituni. Wetu ni fupi, fupi, halafu mrefu. Mtu wa nyumba akiita, wote wanaitika, ndipo anajua hakuna aliyepotea wala kukutana na dubu. Silvestru akaitika kwa mbali. Corina akajaribu, sauti ikamvunjikia katikati.

Mimi sikuitika. Ningeitika, wangenisikia miguuni mwao.

Toader akaita tena, karibu zaidi sasa. Nikajua ameona kikapu changu uzioni bila mimi. Wiki hiyo hiyo dubu alikuwa amechimba vichuguu vya sisimizi kwenye mteremko ule ule.

"Saveta," akaita kwa jina. Sauti yake sijawahi kuisikia vile. Niliziba mdomo kwa mkono.

"Mama, wanamtafuta dada," Corina akasema. "Twende."

"Wewe kaa hapa usiguse kitu. Mimi nitawaitikia."

Akaondoka. Akaondoka upande usio wake. Badala ya kushuka aliko Toader, alipanda kuelekea kwenye korongo, pale ardhi inapokatika ghafla chini ya majani. Ng'ombe wa padri aliangukia mle. Hata watoto wanajua hapaendwi.

Alikuwa anaita, fupi, fupi, mrefu, na mwangwi wa korongo ukamjibu. Akaufuata mwangwi. Akaongeza hatua.

Corina alikaa kwenye jiwe kama alivyoambiwa, amempa kisogo. Hakujua.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua kamwe kwamba nilikuwa hapa. Nikiita, nimeshikwa, katikati ya uyoga wake, nikiwa bila viatu.

Niliita. Fupi, fupi, mrefu. Mimi ambaye kanisani naimba kwa midomo tu, niliita mpaka kifua kikauma.

Kule juu kitambaa cheupe kilisimama. Kikageuka. Kikaanza kushuka kwangu, kinakwama kwenye matawi na kujinasua. Alipofika nilikuwa nimeshasimama, nimeandaa maneno ya kuomba msamaha.

Hakuyahitaji. Alinitazama kama msichana aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Mama Paraschiva," akasema. "Ulikuwa unanisubiri."

Paraschiva alikuwa mama mkwe wake. Yuko makaburini nyuma ya kanisa, chini ya msalaba wenye picha ya duara. Mimi huko huenda kumwagilia maua.

"Nimepasahau, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Usimwambie mume wangu. Nionyeshe tena."

Nikampa mkono. Miaka mitatu nimekula meza moja na mkono ule, sikuwahi kuushika. Ulikuwa mwepesi. Nikamsogeza hadi kwenye gogo, nikatenga matawi.

Alicheka. Alipiga magoti kama mtu wa miaka ishirini.

"Kata chini," nikamwambia, maana hayo ndiyo maneno yake mwenyewe na sikuwa na mengine. "Funika tundu."

"Kata chini, funika tundu," akarudia. Akakata mmoja, akaunusa, akaniwekea kwenye aproni. Akakata mwingine. Tulifanya kazi bega kwa bega, na niseme tu, sijawahi kuwa na Jumapili nzuri vile katika nyumba hii.

Kisha akasimamisha kisu.

"Nimemsingizia yule msichana," akasema. "Yule mkimya wa mwanangu. Nimesema ameiba."

"Kwa nini?"

"Ningemleta yeye. Ilikuwa zamu yake. Lakini yule ana macho, mama. Angejua siku ya kwanza."

Aproni ilinizidi uzito. Maneno niliyoyangoja miaka mitatu nilikuwa napewa, na napewa kwa jina la marehemu. Nikaona wivu juu ya Paraschiva pia, Mungu anisamehe. Nilitaka niitwe mimi, hata mara moja tu.

"Anaitwa nani, huyo msichana?" nikamuuliza.

Alifikiri. Alitafuta kwa bidii, paji la uso likakunjamana. Akatikisa kichwa.

"Limenitoka," akasema.

Matawi yakavunjika nyuma yetu. Toader alitokea anahema, shati limechanika begani, Silvestru nyuma yake. Toader aliponiona alifumba macho kwanza, kama mtu anayetua mzigo. Alipoyafumbua akaona gogo. Akaona aproni.

Nikamwona mama mkwe wangu anarudi. Sijui nielezeje. Uso ulikaza, midomo ikarudi mahali pake, akatazama mikono yake yenye udongo, akatazama uyoga, akanitazama mimi, na akanijua. Akasimama akajikung'uta sketi.

"Nimemkuta hapa," akasema. "Anavuna."

"Saveta?" Toader akasema.

"Muulize amefikaje. Mimi sikumleta."

"Shemeji," Silvestru akasema polepole, "kwa hiyo kumbe uliwafuata."

"Ni kweli?" Toader akaniuliza. "Umewafuata?"

Nilimtazama Mama Aglaia. Kidevu chake kilikuwa juu kama kawaida, lakini macho yalikuwa yananiomba. Hajawahi kuniomba hata chumvi, huniambia lete.

Maneno machache tu yangetosha. Mama amesahau mahali pake. Ningesema hivyo, na kuanzia siku hiyo yeye angekaa dirishani na blanketi, na Corina angekuwa yule aliyechaguliwa kwa kutojua. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nayaonja, matamu.

"Ni kweli," nikasema. "Nimewafuata."

Toader hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinyoosha mkono.

"Lete kisu."

Huku kwetu mtu akinyang'anywa kisu cha uyoga ameambiwa asirudi msituni na nyumba ile. Wengine huambiwa hivyo, na baada ya wiki wanaambiwa wafungashe. Nilikitoa mfukoni nikampa, mpini mbele. Mama Aglaia aliangalia pembeni.

"Haya, tushuke," akasema. "Corina yuko wapi?"

"Niko hapa, mama."

Alikuwa hapo. Hakutokea upande wa jiwe alikoachwa. Alitokea kwenye kichaka kilicho upande wetu, hatua chache tu kutoka kwenye gogo, na sketi yake ilikuwa imejaa majani na vijiti, kama ya mtu aliyekaa chini muda mrefu bila kujitikisa. Alikuwa analia bila sauti.

"Samahani," akasema. "Paraschiva ni nani?"

Silvestru akamgeukia. "Ni marehemu bibi yetu. Tulimzika mimi nikiwa mtoto. Nani amekutajia Paraschiva?"

Mkono wa Mama Aglaia ulitafuta kitu cha kushika, ukashika bega langu.

Corina hakumjibu mumewe. Alinitazama mimi, mdomo umefunguka nusu, anangoja nimwambie kama aseme au asiseme.